Kabla Hujajaza Fomu ya Urubani wa Jeshi

Vijana wengi huuliza watapataje kuwa marubani wa jeshi. Swali la kuanza nalo ni jingine: ukinyang'anywa ndege, bado utaitaka hiyo sare? Sikio huharibika, mwanafunzi huanguka mitihani ya angani, au jeshi huona mwaka huu lina marubani wa kutosha na linahitaji watu wa rada. Mara nyingi mkataba hauvunjiki kwa sababu hiyo. Unabaki ofisa, unapangiwa kazi nyingine, na miaka inaendelea kuhesabiwa. Anayependa kuruka tu, na jeshi analiona kama nauli ya kumfikisha angani, ana sababu nzuri ya kufikiria shule ya kiraia.

Ukiona bado unataka, anza na mwili, kabla hujatangazia ukoo mzima. Nenda kwa daktari anayepima marubani wa kiraia, umwombe kipimo cha daraja la kwanza. Vigezo vya jeshi kwa kawaida ni vikali zaidi, hivyo kufaulu hapo si tiketi, ila kufeli kunakuokolea miaka. Angalia hasa uwezo wa kutambua rangi, ule wa vibao vya nukta vya Ishihara, kwa sababu upofu wa rangi wa kuzaliwa hauna dawa na wengi hawajui kama wanao. Pumu, kifafa, kipandauso na mawe ya figo nayo huwatoa watu. Jiwe la figo linaweza kumkunja mtu ghafla akiwa peke yake futi 20,000 juu, na hapo hakuna wa kumpokea usukani.

Macho yakiwa na upungufu, usikimbilie upasuaji. Majeshi mengine hukubali leza ya juu ya konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, baada ya muda wa kusubiri, mengine hukataa upasuaji wa aina yoyote. Uliza kwanza, na upate jibu kwa maandishi. Na usifiche ugonjwa kwenye fomu: faili la hospitali hujitokeza siku moja, na kosa linaloadhibiwa hapo ni uongo, hata kama ugonjwa wenyewe ungesamehewa.

Vipimo vya umbo watu huvisahau. Kaa kitini, mgongo na makalio yagande ukutani, goti likunjwe pembe mraba, kisha mtu apime kutoka ukutani hadi mbele ya goti. Halafu apime kutoka kitini hadi utosini. Ndege nyingi za kivita zina kiti kinachomrusha rubani nje wakati wa hatari. Paja likiwa refu mno, magoti yatagonga ukingo wa dashibodi kiti kinapopanda. Uzito nao una mipaka ya juu na ya chini, maana nguvu ya viti vingi ni ile ile: mtu mwepesi mno hurushwa kwa kasi ya kuumiza uti wa mgongo, na mzito mno huenda asifike juu ya kutosha parachuti ifunguke. Mipaka hutofautiana kwa aina ya ndege, kwa hiyo usikate tamaa kwa namba ya mtu mwingine.

Darasani na angani, kinachoangusha wanafunzi si woga. Ni mwendo wa kasi wa mafunzo. Kila safari ya mafunzo ina alama. Ukifeli unarudia, ukifeli tena unaruka na mkufunzi wa cheo cha juu, baada ya hapo ni kikao cha kuamua hatima yako. Hakuna wiki ya kupumzika ili uelewe polepole. Asubuhi unaweza kusimamishwa mbele ya wenzako na kuambiwa: injini imezima, uko futi 6,000, wingu liko chini yako. Hatua za kwanza unazitaja neno kwa neno, bila kuangalia karatasi, kisha unaeleza utatua wapi. Ukirukaruka mpangilio, unakaa chini na siku hiyo huenda usiruke.

Kufikiri haraka namna hiyo unaweza kukufanyia mazoezi nyumbani, kwa hesabu za rubani. Ukiwa na kasi ya maili 300 za baharini kwa saa, unakwenda maili 5 kwa dakika. Kwa 420 ni maili 7. Kushuka kwa pembe ya nyuzi 3 kunakula takriban futi 300 kila maili, basi kutoka futi 9,000 uanze kushuka ukiwa na maili 30 mbele. Piga hesabu hizo huku unapanda ngazi na mtu anakusemesha. Ukizikosa hapo, hewani utazikosa zaidi.

Kutapika safari za mwanzo si aibu, na kwa wengi hali hiyo huisha kadiri wanavyoruka. Kula kidogo, usiende na tumbo tupu. Vidonge vya kichefuchefu vyenye kuleta usingizi havifai kwa anayeruka peke yake.

Kwenye ndege za kivita kuna jambo la G, yaani nguvu inayouzidisha uzito wa mwili ndege inapokata kona kali; 1G ni uzito wako wa kawaida. Kwa 9G, kichwa na helmeti vya kilo 7 vinakuwa kama kilo 63 juu ya shingo, na damu inakimbilia miguuni. Suti inayobana mapaja na tumbo inasaidia kiasi. Kazi kubwa ni yako: kaza miguu, makalio na tumbo kabla G haijapanda, shikilia pumzi, badilisha hewa haraka kila sekunde 3 hivi. Rangi zikianza kufifia na macho kuona kama kupitia bomba, umechelewa. Aliyezimia huweza kukaa zaidi ya sekunde 20 kabla hajarudiwa na akili ya kuongoza ndege, na kwa maili 7 kwa dakika hizo ni zaidi ya maili 2 bila rubani. Mazoezi ya uzito ya miguu na tumbo yanafaa hapa kuliko mbio ndefu peke yake. Shingo na mgongo hudai malipo yao baadaye, hata kwa marubani wa helikopta wanaobeba miwani ya kuonea gizani kichwani.

Aina ya ndege huichagui wewe. Unaandika unachopenda, kisha alama zako na mahitaji ya jeshi ndivyo vinavyoamua: ya kivita, ya mizigo, helikopta, au droni inayoongozwa kutoka chumbani. Kama kuna moja usiyoweza kuivumilia, ujue inaweza kuwa ndiyo yako.

Soma mkataba kwa kalamu mkononi. Jeshi la Anga la Marekani, kwa mfano, hudai miaka 10, na saa huanza kugonga mafunzo ya urubani yanapokwisha. Miaka ya masomo haimo. Uliza: hesabu inaanza lini, nikifeli nadaiwa miaka mingapi, saa zangu za kuruka zitatambuliwa na mamlaka ya anga ya kiraia? Mabawa ya kifuani, ile beji ya rubani wa jeshi, si leseni ya kiraia, na rubani wa ndege ya kivita anaweza kutoka na saa chache kuliko mwenzake wa mizigo, kwa sababu safari zake ni fupi.

Lipo na swali ambalo hakuna daktari wa kukupimia. Ndege hizo hubeba mabomu, au hubeba wanaokwenda kupigana. Lijibu ungali na nguo za kiraia. Ukishakula kiapo, atakayeamua unakwenda wapi na kubeba nini ni mwingine.