Usipeleke hizo saini kwa mtendaji kabla hujasoma hapa

Mkuu, salamu baadaye. Nimesoma uzi wako hadi pale unaposema mna kurasa za majina na saini za wanaopinga shamba la mwekezaji, kichwa cha habari mtakiandika mkishakubaliana maneno, na Jumatatu mnapeleka kwa mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Usithubutu!

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Sasa jiweke kwenye viatu vya anayeitaka hiyo ardhi. Anahitaji muhtasari unaosema wanakijiji wamekubali, na orodha ya mahudhurio yenye saini. Muhtasari unaandikwa na mtu mmoja jioni moja. Saini ndiyo kazi. Na hiyo kazi ninyi mmeshamfanyia, bure, kwa mafuta ya bodaboda zenu wenyewe.

Unadhani natunga? Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Tulizunguka vitongoji vyote na kaunta buku: jina, kitongoji, namba ya simu, saini. Juu ya ukurasa hamna kitu. Wazazi wasiojua kusoma waliweka dole gumba kwa sababu walituamini sisi watoto wao. Tukapeleka kwa mtendaji, akapokea kwa bashasha, akasema ataambatanisha na barua yetu. Miezi ikapita kimya. Tulipokwenda wilayani kuulizia, karani akafungua faili: karatasi ya juu imechapwa vizuri, muhtasari wa mkutano mkuu ambao hakuna aliyeuhudhuria, "wajumbe kwa kauli moja wameridhia". Nyuma yake, kwa pini ya stepla, karatasi zenye mistari za kaunta buku letu. Nikaona mwandiko wangu. Nikaona namba yangu ya simu, pale nilipokosea tarakimu moja nikaikata na kuandika juu yake. Chini yangu, dole gumba la shangazi, wino umemwagikia mstari wa jirani yake.

Karani akaniuliza, "Hii saini si yako?" Ungejibu nini? Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na wenzangu hawajaacha kunitania mpaka leo, kwa hiyo msijisumbue.

Kuifuta ile karatasi ilitula kuliko mapambano yenyewe. Kila aliyesaini ilibidi afuatwe tena, sasa kwa kiapo cha maandishi kwamba hakuwa kwenye huo mkutano. Wengine walishahama, wengine wametangulia mbele za haki, wengine wakasema kwa ukali kwamba hawasaini chochote tena maishani. Shangazi alikuwa wa kundi hilo, na sikuwa na la kumjibu. Hapo ndipo umoja ulipovunjika, maana kila kitongoji kilianza kuhisi kingine kimehongwa.

Na aliyetuelekeza? Mwezeshaji kutoka mjini, wa shirika fulani, mzee wa bango kitita na kalamu za rangi. "Kusanyeni idadi kwanza, maneno yatakuja." Maneno yalikuja kweli, ila hayakuwa yetu! Yeye alishapiga picha zake, akaandika ripoti kwamba wananchi wamejengewa uwezo, akapanda gari. Tulipompigia baada ya yale ya wilayani alikuwa "kwenye semina". Nadhani semina hiyo bado inaendelea.

Sasa fanya hivi. Kila ukurasa, siyo wa kwanza tu, uwe na sentensi nzima juu kabla kalamu haijagusa karatasi: sisi wakazi wa kijiji fulani HATUKUBALI ardhi ya eneo fulani kutolewa kwa fulani, tarehe hii, ukurasa wa tatu kati ya ishirini. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya mtu wa tatu, ndipo aweke dole. Mtendaji apewe nakala, halisi ibaki kwenu, na agonge muhuri wa kupokea kwenye yenu. Hizo kurasa mlizonazo sasa zichomeni mbele ya watu, hata kama mlitoka jasho kuzipata. Kisha daini mkutano mkuu, ambao unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, na mkatae humo humo, muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika. Hata mahudhurio ya mkutano huo, hakuna kusaini karatasi tupu.

Kuna aliyekujibu hapo juu kwamba mwekezaji akishindwa ardhi itarudi tu. Kamuulize mtu wa Kisarawe, kule Pwani, habari za shamba la mwekezaji la mibono kaburi, ile mimea ya kukamuliwa mafuta ya magari: vijiji 11, zaidi ya hekta 8,000, mradi ukasimama 2011. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani imetoka mikononi mwa kijiji, hairudi yenyewe kwa sababu mradi umekufa, na kuidai upya ni safari ya wizarani.

Uliuliza pia kuhusu kusajili kikundi, fulana na kuita waandishi wa habari. Fulana sijui, wengine watakusaidia. Kaunta buku liko kwa nani usiku huu?