Muulize Fundi: Ubuntu inakubali, Windows inagoma

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Kwetu Wete, ila nasoma hapa Unguja. Laptopu yangu ina Windows 11 na Ubuntu, nachagua ninapoiwasha. Chuoni tunatakiwa tuendeshe mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kwa programu ya VirtualBox. Nikiwa Ubuntu inakwenda vizuri. Nikiwa Windows, mashine ileile inachukua dakika kumi kufunguka, na chini ya dirisha anatokea kobe wa kijani. Nimempelekea fundi mmoja mjini, kaniambia prosesa imechoka, nibadilishe bodi kwa laki tatu na nusu. Sina pesa hizo. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Usitoe hata senti. Bodi yako nzima, na shahidi wako ni Ubuntu.

Fikiri kidogo: ndani ya laptopu hiyo mna prosesa moja na BIOS moja (ile programu ya msingi inayoiamsha laptopu kabla ya mfumo wowote), na mifumo yote miwili inazitumia kwa zamu. Prosesa haiwezi kufanya kazi ukiwa Ubuntu halafu ikanuna ukifungua Windows. Kama uwezo wa kubeba mashine pepe ungekuwa umezimwa kwenye BIOS, au umekufa, Ubuntu nayo ingelia. Kwa hiyo BIOS usiiguse. Anayetafutwa yumo ndani ya Windows.

Uwezo huo Intel wanauita VT-x, wameanza kuutoa mwaka 2005, na AMD wakafuata na wao mwaka uliofuata. Kazi yake ni kuiachia mashine pepe itumie prosesa moja kwa moja, bila mkalimani. Ila una ubinafsi wake: akishaushika mmoja, mwengine lazima apitie kwake. Sasa Windows 11 ina msimamizi wake, Hyper-V, ambaye huamka kabla hata hujaandika nywila. VirtualBox ikija inakuta mahali pana mwenyewe, basi inabaki kubisha hodi kwa kila jambo. Huyo kobe wa kijani ndiye anayekupa habari hiyo. Mie nimewaona kobe wa kisiwa cha Changuu wakifuata majani ya kabichi, na wana mwendo kuliko yeye.

Ukitaka uhakika, fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika `systeminfo`, uteremke mpaka mstari wa mwisho. Ukisoma "A hypervisor has been detected", yaani msimamizi ameonekana, umeshampata.

Nani kamwamsha? Mara nyingi ni WSL, ile Ubuntu ndogo inayokaa ndani ya Windows. Kama umeiweka, nami nakuuliza: una Ubuntu nzima kwenye diski, hii ya pili ya nini? Andika "Turn Windows features on or off" kwenye sehemu ya kutafutia, toa tiki kwenye "Virtual Machine Platform", "Windows Hypervisor Platform" na "Hyper-V" kama ipo. WSL haitafanya kazi kama ulivyoizoea, lakini hutaikosa. Mwengine ni "Memory integrity", imo ndani ya Windows Security, kwenye "Core isolation". Huyu ni mlinzi wa kweli dhidi ya virusi, kwa hiyo mzime ukiona hao wa mwanzo wametoka na kobe bado yupo. Kobe akikaidi, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

`bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`

Kisha washa upya. Siku ukitaka kurudisha, badala ya `off` weka `auto`.

Lakini kabla hujagusa chochote, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha kilichomo kwenye diski. Kama imefungwa, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Karatasi, si faili ndani ya laptopu hiyohiyo! Nimewahi kukaa na mteja kwenye meza yangu Mkunazini tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, skrini inadai tarakimu 48, na ufunguo umo kwenye akaunti aliyoifungua kwa laini ya simu aliyokwisha kuitupa. Ilibidi tupige Windows upya. Picha za harusi ya dada yake zikaenda na maji.

Na ushauri wa mtu mvivu: maadamu Ubuntu inakubali, fanya kazi zako hukohuko, Windows ibakie kwa mambo yake. Ukitaka lazima kuifungua mashine ileile pande zote mbili, uizime kabisa kabla ya kuhama. Usiiache imelala upande mmoja ukaenda kuiamsha upande wa pili.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa skuli, Makunduchi. Nimewasha "Virtualization", huo uwezo wa kubeba mashine pepe, kwenye BIOS, nimehifadhi, laptopu ikajiwasha upya. Ubuntu bado inaniambia KVM, msimamizi wake wa mashine pepe, imezimwa na BIOS. Nimerudia mara tatu.

JIBU: Mwalimu, umewasha upya, hujazima. Katika laptopu nyingi kufuli ya uwezo huo hufunguka pale umeme unapokatika kabisa kwenye prosesa. Hifadhi kwenye BIOS, halafu zima. Chomoa chaja, subiri nusu dakika, ndipo uwashe. Kama una Windows pia, izime ukiwa upande wa Ubuntu, maana Windows ikiwa na "Fast Startup" ukiizima inalala nusu macho.

Ukifika Ubuntu andika `kvm-ok`. Ikikuambia haiijui, sakinisha kwanza `cpu-checker`. Ikigoma bado, rudi BIOS uhakikishe umegusa penyewe: kwenye ThinkPad pamejificha chini ya "Security", na kwenye mashine nyingi za AMD huenda usilione neno hilo, tafuta "SVM". Na siku hiyo kusiwe na mtu anayekushawishi usasishe BIOS yenyewe huku betri ya laptopu imekufa. Umeme wa kwetu unaujua.