Picha nyeusi iliyofichua siri zangu zote
Programu yangu ya kwanza ya kusimba picha (kuzificha kwa ufunguo wa siri) kwa kaosi, yaani hesabu ambazo badiliko dogo mwanzoni huleta tofauti kubwa baadaye, ilitumia fomula fupi: chukua x kati ya 0 na 1, ifanye 4x(1 − x), kisha urudie. Namba ya kuanzia ndiyo ufunguo, na mfuatano wa namba zinazotoka hugeuzwa baiti za kuchanganya na pikseli za picha. Ukiibadilisha kidogo tu, baada ya mizunguko michache hakuna kinachofanana. Picha ikageuka chenga tupu, entropi (kipimo cha mvurugiko, ambacho kilele chake ni biti 8 kwa baiti) ikakaribia 8, nikaridhika kabisa.

Rafiki yangu mwenye uzoefu hata hakuzitazama takwimu hizo. Aliniomba nimsimbie picha nyeusi tii, kwa ufunguo uleule. Nikamsimbia. Pikseli nyeusi ni 0, nami nilikuwa nachanganya kwa XOR (hesabu ya kulinganisha biti: zikitofautiana hutoa 1, zikifanana 0), na baiti yoyote ikichanganywa na 0 hubaki vilevile. Yaani nilimkabidhi mfuatano wangu wote wa siri, mzima mzima! Akafungua nao picha zangu nyingine zote, na ufunguo hakuwahi kuujua.

Kisha akaniambia nianze na 0.3. Nikapata 0.84. Nianze na 0.7: 0.84 tena. Funguo mbili, mfuatano mmoja. Ukianza na 0.75 ndiyo kabisa, hubanduki hapo milele. Na kwa kuwa kompyuta hukata tarakimu, mfuatano unaodhaniwa haujirudii huishia kuzunguka palepale.

Kwenye saketi za umeme zinazotumia kaosi nako hakuna nafuu. Mwaka 1990 Pecora na Carroll walionyesha kwamba mifumo miwili ya kaosi inaweza kwenda sambamba, na mwaka 1993 Cuomo na Oppenheim wakaficha sauti ndani ya mawimbi ya saketi ya Lorenz, yaani saketi inayofuata milinganyo maarufu ya kaosi. Mwaka uliofuata tu, Kevin Short aliuchomoa ujumbe uliofichwa kwa njia hiyo. Mawimbi yanayomwongoza mpokeaji yanamwongoza pia anayedukua. Isitoshe, mpokeaji hulazimika kuvumilia kelele za njiani, kwa hiyo hata ufunguo wa kukaribia huweza kutoa sauti inayosikika.

Kaosi ni somo tamu, na bado nalipenda. Lakini data za watu zilinde kwa AES au ChaCha20, mbinu za kawaida za kusimba ambazo wataalamu wamezishambulia hadharani miaka mingi. Ukiletewa mfumo mpya, anza na picha nyeusi, sio entropi. Hata kwenye ChaCha20, ile namba ya kutumika mara moja (nonce), inayoambatana na ufunguo katika kila usimbaji, usiirudie kwa ufunguo uleule, maana picha nyeusi itakuumbua vilevile.