Maswali ya Wasomaji: Wasichana Huja Siku Moja, Hawarudi

SWALI: Mhariri, hongera kwa kazi. Mimi ni mmoja wa waratibu wa kundi la vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta hapa Sinza. Tunakutana kila Alhamisi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, hakuna kiingilio, na tangazo letu linasema wazi kwamba wote wanakaribishwa. Wasichana wanakuja, tena kwa hamu, lakini wengi wao hatuwaoni tena baada ya siku ya kwanza. Wenzangu wanasema hawana moyo na fani hii. Je, tuwaanzishie siku yao peke yao? (Mratibu, Sinza)

JIBU: Ndugu Mratibu, msichana aliyetoka Mbagala au Gongo la Mboto, akapanda daladala mbili katika foleni ya jioni huku amekumbatia kompyuta mpakato yake, ameshaonyesha moyo wake kabla hajafika mlangoni kwenu. Linalofaa kuchunguzwa ni yale aliyoyakuta ndani. Anzeni na saa yenyewe: Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, na kikao kinachomalizika saa 3 kinamlazimu asimame kituoni gizani, kisha afike nyumbani akaulizwe alikuwa wapi. Hamishieni kikao Jumamosi asubuhi.

Gumu zaidi ni namna mnavyosaidiana. Nimekwisha kuliona jambo hili katika vikao vingi vya aina hii: msichana anauliza kwa nini programu yake aliyoiandika kwa Python, moja ya lugha za kuandikia programu, inagoma, kijana aliye kando yake, kwa nia njema kabisa, anaivuta kompyuta upande wake, anarekebisha nafasi zilizokosewa mwanzoni mwa mstari, programu inakubali, anamrudishia na kumwambia, “Umeona? Mbona rahisi tu.” Programu imepona, lakini aliyeuliza hakuambulia kitu, isipokuwa kujua kwamba lililomshinda yeye ni jepesi kwa wengine, na kwamba akiuliza tena atachekwa. Wekeni sharti kwamba anayesaidia hagusi kibodi ya mwenzake. Asome naye ujumbe wa kosa neno kwa neno, amuulize anadhani mstari ule unafanya nini, kisha amwache aandike mwenyewe, hata kama itachukua robo saa. Recurse Center, kituo cha New York ambako watu hukutana kujinoa katika kuandika programu, kina kanuni inayokataza mtu kujifanya ameshangaa mwenzake anaposema hajui jambo fulani; ichukueni kama ilivyo, kwani “He! Hata hilo hulijui?” limewafukuza watu wengi, wa kike na wa kiume.

Jambo la tatu ni namba ya simu, na hapa nasema kwa uchungu. Mgeni anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, namba yake inaonekana kwa kila mtu, na usiku huohuo anaanza kupokea ujumbe wa “Mambo, nimekuona leo” kutoka kwa watu asiowajua. Alikuja kujifunza kazi, sasa analazimika kukwepa wachumba. Ombeni ridhaa kwanza, andikeni kanuni za mwenendo, na watajeni watu wawili, mmoja wao mwanamke, ambao mtu anaweza kuwaendea akisumbuliwa. Watu hao wapewe mamlaka ya kumtoa msumbufu hata kama ndiye fundi wenu hodari kuliko wote; kanuni isiyo na msimamizi haimlindi mtu.

Wanaosema wasichana hawana moyo waambieni habari ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 7 tu ya walioanza shahada ya sayansi ya kompyuta. Mwaka 2000 walifikia asilimia 42. Katika miaka hiyo chuo kiliacha kuwapendelea waombaji waliokwisha kuandika programu tangu utotoni, ambao wengi walikuwa wavulana waliowekewa kompyuta chumbani mwao, na kikaanzisha ngazi tofauti za masomo ya mwanzo ili mgeni asichanganywe na mzoefu. Kilichobadilika ni chuo.

Kuhusu siku yao peke yao, ninaiunga mkono kama mlango wa kuingilia. Warsha za Django Girls, zilizoanza Berlin mwaka 2014, zimeenea katika nchi nyingi kwa sababu mwanamke huketi na mkufunzi, kundi likiwa dogo, na kutengeneza tovuti yake ya kwanza. Lakini akitoka humo na kuikuta Alhamisi yenu ileile, ataondoka tena. Na mkiwapata wanawake wazoefu, wapeni mada za kufundisha. Msiwaachie kumbukumbu za kikao na chai.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta. Mjomba anayenilipia ada anasema kazi hii ni ya wanaume, nihamie uhasibu. Nimjibuje bila kumvunjia heshima? (Binti, Temeke)

JIBU: Mwanangu, mshukuru kwanza kwa ada, kisha mweleze kwa utulivu kwamba kompyuta ya ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Marekani mwaka 1946, iliandaliwa programu zake na wanawake sita, na kwamba mwanamke mwingine wa Marekani, Grace Hopper, alitengeneza mwaka 1952 moja ya programu za mwanzo kabisa za kutafsiri maagizo ya mwandishi kuwa lugha ya mashine. Halafu muulize ni hesabu gani inamsumbua katika shughuli zake. Kama ana duka, mwandikie programu ndogo ya kutunza bidhaa zinazoingia na kutoka, ukae naye mpaka aweze kuitumia bila wewe.