Madai yangu ni dola 180,000: kwa nini nanyimwa juri?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Naishi Hamilton, Ontario. Mwaka jana gari lilinigonga nikivuka barabara, na goti halijapona hadi leo. Nafanya kazi ya kusimama, kwa hiyo nimepunguza zamu. Wakili wangu amefungua madai ya dola 180,000 na kuniambia kuwa kesi itaamuliwa na jaji peke yake, juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, hakuna. Marehemu baba alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kule Magu, Tanzania, miaka ya tisini, na alitulea tukiamini kwamba hukumu haifai kutoka kinywani mwa mtu mmoja. Haki hii imekwenda wapi? Na nikipandisha madai hadi dola 250,000, nitalipata juri?

JIBU: Pole sana dada yangu, kwa goti na kwa zamu ulizopoteza.

Wakili wako amekueleza sawa. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kesi ya fedha katika Mahakama Kuu ya Ontario ambayo madai yake hayazidi dola 200,000, bila kuhesabu riba na gharama, lazima iende kwa utaratibu uliorahisishwa wa Kanuni ya 76, na humo juri haliruhusiwi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa dola 100,000, na upande wowote uliweza kuomba juri. Yamebaki madai machache yanayoweza kutoka kwenye utaratibu huo ili yasikilizwe na juri, kama vile kuchafuliwa jina, kushtakiwa kwa nia mbaya na kuzuiliwa isivyo halali. Kugongwa na gari hakumo. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inapokea madai ya hadi dola 50,000, nayo haina juri kabisa.

Wengi huniuliza kama Katiba haijavunjwa. Nadhani ni kwa sababu tunatazama mahakama za Marekani kwenye televisheni. Kule, Marekebisho ya Saba ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalinda juri katika kesi za madai za mahakama za shirikisho zinazozidi dola 20, na kiasi hicho hakijabadilishwa hadi leo. Kanada, Katiba inalinda juri kwa mtuhumiwa wa jinai anayekabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka mitano au zaidi. Juri la kesi za madai linatokana na sheria iliyotungwa na bunge la jimbo, na jimbo linaweza kulipunguza.

Sasa nije kwa baba yako, maana hapo ndipo penye uzito. Enzi zake, wazee wa mahakama ya mwanzo walikaa pamoja na hakimu na kupiga kura pamoja naye. Walimsikia akieleza sheria, naye aliwasikia wakieleza mila na maisha ya pale. Juri la Ontario halifanani na hilo. Ni raia sita wanaojifungia chumbani bila jaji, na watano wakikubaliana inatosha. Hutoka na jibu bila hukumu inayoeleza wamelifikiaje. Ukipewa kidogo, huna maandishi ya kukuonyesha ni ushahidi gani walioukataa. Jaji akikaa peke yake anaandika sababu zake, na kosa lake linaonekana kwenye karatasi pale unapokata rufaa.

Jingine wateja wangu huwa hawaambiwi mapema. Katika kesi za ajali za barabarani hapa, anayeomba juri mara nyingi ni upande wa kampuni ya bima. Sheria inakata zaidi ya dola 46,000 kutoka kwenye fidia ya maumivu, isipokuwa fidia hiyo ikivuka kiwango ambacho sasa ni zaidi ya dola 150,000. Juri haliambiwi habari za makato hayo. Raia sita wanaweza kukupa dola 60,000 kwa moyo safi, wakiamini umepata 60,000, kumbe unatoka na chini ya 14,000. Nimeona mteja akipata habari hiyo siku ya hukumu. Sitaki ikukute wewe.

Kupandisha madai hadi 250,000 ili upate juri, tafadhali usifanye kama ushahidi wa madaktari na hesabu ya mshahara uliopotea havifiki huko. Ukienda kwa utaratibu wa kawaida kisha ukahukumiwa 200,000 au pungufu, unanyimwa gharama za kesi hata kama umeshinda, labda jaji aridhike kwamba ulikuwa na sababu ya msingi ya kupita njia hiyo. Unaweza hata kuamriwa kulipa gharama za mdaiwa. Kwenye Kanuni ya 76 usikilizaji hauzidi siku tano, kila upande una saa tatu za kuhoji kabla ya kesi, na gharama anazoweza kudaiwa aliyeshindwa zina ukomo: dola 50,000, pamoja na 25,000 za matumizi kama ripoti za wataalamu. Kwa mtu anayeishi kwa zamu, ukomo huo ni kinga kubwa.

Sisemi kwamba hujapoteza kitu. Kati ya watu sita pengine angekuwepo mmoja aliyewahi kusimama saa nane kwa siku juu ya goti bovu, na jaji huenda hajawahi. Kwa hiyo pengo hilo ulizibe wewe. Katika utaratibu huu ushahidi wako wa kwanza unatolewa kwa hati ya kiapo, halafu wakili wa mdaiwa anakuhoji. Usikubali hati ya kurasa mbili iliyojaa maneno ya sheria. Anza leo kuandika kwenye daftari: ngazi ngapi unapanda kabla ya kupumzika, zamu zipi uliacha na tarehe zake, nani anakufulia, usiku gani hukulala. Mpelekee wakili wako daftari hilo kabla hajaandika hati, kwa sababu jaji atayasoma maneno yako kabla ya kuisikia sauti yako.