Nipe namba, si jina: maswali na majibu kuhusu spea za pikipiki za zamani za Kijapani

Fundi, spea orijino za Honda ya zamani zinapatikana wapi? (Wasomaji kadhaa: Dar es Salaam, Nakuru, Bujumbura)

Honda ipi? Ya mwaka gani? Spea gani? Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linakuja bila namba. Hakuna muuza spea duniani anayeweza kukusaidia kwa "Honda ya zamani, ile nyekundu". Akikujibu haraka, jua anakuuzia alicho nacho, si unachohitaji.

Anza na pikipiki yenyewe. Futa vumbi kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, usome namba ya fremu. Kisha soma namba ya injini kwenye kesi ya kranki. Ziandike zote mbili. Baada ya hapo tafuta katalogi ya vipuri ya modeli hiyo. Kitabu cha matengenezo ni kitabu kingine: kinakufundisha kufungua na kufunga, lakini hakikupi namba za spea. Katalogi ina michoro na namba, na kwa spea zilizobadilika katikati ya uzalishaji inakuambia spea hii inaanzia fremu namba ngapi na inaishia ngapi. Hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Mfano ni CB750 iliyotoka mwaka 1969. Za mwanzo kabisa zilivuta kabureta zote nne kwa kebo moja iliyogawanyika mara nne. Baadaye zikaja kebo mbili, moja ya kuvuta na moja ya kurudisha, na mkono unaofungua kabureta zote kwa pamoja. Ukiagiza "kabureta za CB750" bila namba ya fremu, unacheza bahati nasibu.

Namba ya spea ya Honda ina mafungu matatu. Tarakimu tano za kwanza ni aina ya spea: 13101 ni pistoni ya saizi ya kawaida, 12251 ni gasketi ya hedi. Fungu la kati ni modeli: 300 ni CB750, 323 ni CB500 ya silinda nne, 377 ni CB400F, 383 ni CG125. La mwisho ni toleo. Sasa shika jambo hili, maana wengi hawalijui: fungu la kati linataja modeli ambayo spea ilitengenezewa *kwanza*. Katalogi ya pikipiki yako inaweza kukupa namba yenye msimbo wa pikipiki nyingine, na si kosa. Ni neema, kwa sababu maana yake spea hiyo unaweza kuitafuta hata kwa watu wanaovunja modeli ile nyingine.

Yamaha hutanguliza modeli, kisha aina ya spea. Suzuki huanza na aina, modeli ikafuata. Kawasaki haikuambii modeli kabisa, kwa hiyo bila katalogi yake umekwama.

Ukishapata namba, ipeleke kwanza kwa wakala rasmi wa kampuni katika nchi yako. Usicheke. Spea nyingi za miaka ya 1970 bado zinaagizwa, hasa zilizoendelea kutumika kwenye modeli za baadaye, na namba ya zamani mara nyingi imebadilishwa kuwa mpya ambayo wakala anaiona kwenye kompyuta yake. Akisema haipo, kuna wauzaji wa nje walioweka akiba kubwa ya spea za zamani: CMSNL ya Uholanzi kwa kampuni zote nne, na David Silver Spares ya Uingereza kwa Honda. Kawasaki wenyewe walirudi kutengeneza hedi za Z1, pikipiki ya mwaka 1972, baada ya wamiliki kukosa nzima kwa miaka mingi.

Masoko ya spea ya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) na Kisekka (Kampala) nenda pia, lakini nenda na spea ya zamani mkononi na venia, kile kipimo cha milimita, mfukoni. Na usidharau maduka ya mikoani yaliyokuwa yakihudumia misheni, maofisa ugani na miradi ya afya wakati wa Yamaha DT na Honda XL. Rafu ya nyuma huwa haijaguswa.

Nimenunua sili za kranki za Yamaha RD350, mpya, kwenye mfuko wake wa zamani wa Yamaha, kwa bei kubwa. Injini ikatoa moshi mweupe, kisha pistoni moja ikakwama. Spea orijino inawezaje kufanya hivi? (Msomaji, Muscat)

Inaweza, kwa sababu mpira hauheshimu mfuko. Sili iliyotengenezwa mwaka 1975 ina umri ule ule iwe imefungwa kwenye injini au imelala rafuni. Midomo yake imekakamaa na kushika umbo la kukaa bure, na kwa joto la kwenu hali ni mbaya zaidi.

Katika tu-stroki sili ya kranki ni sehemu ya upumuaji wa injini. Ikivuja upande wa klachi, injini inanyonya oili ya giaboksi, na huo ndio moshi wako mweupe. Ikivuja upande wa altaneta, inanyonya hewa. Mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, pistoni inapata joto kupita kiasi, inakwama. Wewe umepata yote mawili.

Kwa hiyo weka mstari huu unaponunua akiba ya zamani. Vyuma nunua bila woga: gia, shafti, pistoni, jeti, bolti, spoki, sproketi, alimradi havina kutu. Mpira usinunue wa zamani: sili, o-ringi, vikombe vya breki, mipira ya kushikia kabureta, diaframu. Kondensa ya zamani nayo iache, huchoka ikiwa imekaa tu. Viatu vya breki vya zamani vina hatari mbili. Gundi ya lainingi huachia, na lainingi nyingi za miaka ile zina asbesto. Usizisugue kavu wala kupuliza vumbi lake kwa kompresa. Kama viatu vyako orijino vya alumini ni vizima, bandikisha lainingi mpya isiyo na asbesto kwa fundi wa breki, utakuwa na kitu bora kuliko cha kwenye boksi.

Sili mpya utaipata kwa vipimo: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Yamaha wamekurahisishia. Sili zao za kawaida huanza na 93101 au 93102, na tarakimu mbili zinazofuata ni kipenyo cha shafti kwa milimita. 93102-25 ni shafti ya milimita 25. Suzuki hufanya vivyo hivyo na 09283. Beringi za Yamaha za 93306-204 ni 6204 ya kawaida. Dai sili ya kampuni inayojulikana kama NOK, na kwa kranki mwambie muuzaji unataka inayostahimili joto na petroli, si ya pampu ya maji.

Tahadhari moja ambayo hukuiuliza: ukibadilisha beringi za kranki, angalia kama ringi ya nje ina tundu la pini au mfereji wa klipu. 6204 ya dukani haina. Na kranki inataka nafasi ya C3, yaani nafasi ya ndani ya beringi iliyo kubwa kidogo kuliko ya kawaida. Beringi isiyo na alama hiyo itazunguka vizuri ikiwa baridi na kubana injini ikipata moto.

Kabureta yangu ni chafu. Kuna kiti (seti ya kutengenezea kabureta) cha bei rahisi chenye jeti, sindano na gasketi zote. Nitupe za zamani? (Msomaji, Mombasa)

Usitupe! Nasema kwa sauti kwa sababu nyingi ya pikipiki "zisizotuni" zinazozunguka gereji hadi gereji zilianza kuumwa siku zilipobadilishwa jeti.

Jeti orijino ya shaba haichakai kwa petroli safi. Inaziba tu. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, puliza kwa hewa, itazame kwenye mwanga. Usiingize waya wa chuma wala kijiti cha kusafishia tochi ya kuchomelea, ukikwangua tundu umebadilisha namba yake milele. Vinavyochakaa ni sindano na mrija inamopita, kwa sababu vinasuguana miaka yote. Tundu linakuwa yai, na pikipiki inakunywa petroli kuanzia robo hadi robo tatu ya akseleta. Hivyo viwili vibadilishe pamoja, kwa namba.

Kutoka kwenye kiti tumia gasketi, o-ringi na vali ya floti ikikaa sawasawa. Jeti na sindano za kiti huwa na tundu lisilolingana na namba iliyopigwa na mchongoko usio wa kabureta yako. Jambo jingine: namba za Keihin na Mikuni hazilingani. 100 ya Keihin ni kipenyo cha tundu, yaani milimita 1.00. Jeti ya Mikuni yenye kichwa cha pembe sita hupimwa kwa mtiririko. Usihamishe namba kutoka huku kwenda kule.

Shikamoo fundi. Nafufua Honda CG125 ya baba, ile ya volti 6. Spea za pikipiki za Kichina zinaingia, je nitumie? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Nyingi zinaingia kweli, kwa sababu viwanda vya China vilinakili injini hiyo: silinda ya milimita 56.5 kwa mwendo wa 49.5, kamshafti chini, fito za kusukuma vali. Lakini kuingia si kufaa. Kebo, gasketi za kava, sproketi, sawa, tumia. Kamshafti, vipapasio vyake na pistoni, hapana. Chuma laini kinaliwa, na unga wake unapita kwenye oili hadi kila mahali.

Umeme ndiyo mtego mkubwa. CG za mwanzo zina pointi, na nakala nyingi zina CDI (kisanduku cha elektroniki kinachofanya kazi ya pointi) na volti 12. Ukichukua koili za huku na magneti ya kule, utakosa cheche au utaunguza taa zote. Badilisha mfumo mzima (magneti, sahani ya koili, CDI, regyuleta, betri, balbu, honi) au usiguse kitu. Ushauri wangu ni usiguse. Pointi mpya na kondensa mpya, nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, na pikipiki ya baba itawaka.

Spea za ndani ya injini agiza zenye 383 katikati. Nchini Pakistani Atlas Honda wameendelea kutengeneza CG125 ya umbo lile la zamani, kwa hiyo spea halali za Honda zipo, na hakuna sababu ya kukubali feki. Boksi lisikudanganye. Linganisha namba ya kwenye lebo na katalogi, kisha linganisha spea na ile ya zamani.

Nimeshabolea (nimeshapanua) silinda ovasaizi ya 0.75, sasa pistoni siipati. (Msomaji, Kisumu)

Umeanza mwisho. Pistoni hununuliwa kwanza, inapimwa, ndipo silinda inakatwa kuifuata *hiyo* pistoni. Hata pistoni mbili zenye namba moja hupishana kidogo, na nafasi kati ya pistoni na silinda ni sehemu chache tu za mia za milimita.

Kwa Honda tafuta 13104 yenye msimbo wa modeli yako, na ringi 13041. (13102 ni ya 0.25, 13103 ya 0.50, 13105 ya 1.00.) Ukikosa kabisa, bado una hatua moja: tafuta ya 1.00, ipate mkononi, kisha ndipo urudi kwa fundi wa kubolea. Baada ya hapo hakuna nyama tena, ni kuvisha silinda slivu mpya.

Skrubu za kava ya injini zinaharibika vichwa kila nikizifungua. Nitapata wapi mpya orijino? (Msomaji, Arusha)

Badilisha bisibisi kwanza. Nyota ya Kijapani, ya kiwango cha JIS, si sawa na Phillips ya kawaida. Phillips haifiki chini ya tundu, inapanda na kula kichwa. Nunua ya JIS namba 2 na namba 3, na ile ya kupigwa nyundo kwa zilizoshika. Skrubu za Honda huanza na 93500: 93500-06020 ni milimita 6 kwa urefu wa 20. Ukiona duka linakupa bolti ya milimita 8 yenye kichwa cha spana 13, si ya kwako. Ya Kijapani ni 12.

Plagi ya NGK feki naijuaje? (Msomaji, Goma)

Jaribu kutoa washa yake kwa vidole: ikitoka kirahisi, irudishe dukani.

Ninunue pikipiki ya pili mbovu kwa ajili ya kuvunja spea? (Msomaji, Mbeya)

Nunua, ni njia bora kuliko zote, hasa kwa vitu visivyotengenezwa tena: tangi, kava za pembeni, ekzosi zenye mhuri. Ekzosi orijino nyingi za CB750, kwa mfano, zimepigwa HM 300 au HM 341 kulingana na mwaka, na seti nzima ya nne haipatikani kirahisi popote.

Lakini dai kadi, na soma namba za fremu na injini kwa macho yako. Namba ikiwa imesagwa au imepigwa upya, ondoka hata kama bei ni ya bure. Ukishaileta nyumbani, usiifungue yote kwa siku moja. Piga picha nyaya zote kwanza, kisha kila bolti irudi kwenye tundu lake au kwenye mfuko wenye jina la ilikotoka. Bolti orijino zilizopauka zipeleke kuchovywa zinki, usizibadilishe na za dukani. Fremu usiuze chuma chakavu mpaka pikipiki ya kwanza iwe inatembea barabarani, maana kuna bano na vibati vidogo vilivyochomelewa humo ambavyo utavihitaji kama kipimo siku ya kufunga nyaya.