Povu kwanza, ramu baadaye

Wiki iliyopita mliuliza: "Kinywaji cha sikukuu kikiondolewa pombe, bado ni kilekile?" Mimi nitajibu kwa Tom and Jerry, kinywaji cha moto cha mayai yaliyopigwa, sukari na ramu, cha huku Minnesota, Marekani, na jirani zetu wa Wisconsin. (Si paka na panya wa katuni. Hao walianza 1940, kinywaji kilikuwa kizee tayari.) Na kabla ya pombe, ulizeni kwanza nani kapiga mayai. Desemba ikifika friji za supamaketi hujaa vikopo vya mchanganyiko ulio tayari. Mtu anachota kijiko, anamimina ramu na maji ya moto, anajisifu ametengeneza. Ametengeneza nini?

Mama yangu alipokuja kutoka Machame, jirani yangu hapa Brooklyn Park, bibi mmoja mwenye asili ya Norwei, Mlutheri kama sisi, alimkaribisha jikoni kwake. Mama hanywi kabisa. Hata mbege ya harusini huipokea kwa heshima na kumpitishia wa pembeni. Bibi akatenga viini na ute, akampa mama bakuli la ute na mashine ya umeme. Mama akaikataa mashine, akapiga kwa mkono. Kila akitua, bibi anatikisa kichwa: bado. Walifika pale bakuli linapogeuzwa juu chini na povu halidondoki. Viini navyo vikapigwa na sukari hadi vikapauka, vikatiwa mdalasini na kungumanga.

Kwenye karafuu wakakosana. Bibi alitoa unga kwenye kopo la tangu enzi za mumewe. Mama akanusa, akasema, "Hii imekufa," akatuma zifuatwe karafuu zake za Pemba zilizokuwa kwenye sanduku, akazisaga kwa kitako cha chupa ya ramu. Mkalimani nilikuwa mimi, na hiyo "imekufa" niliitafsiri kuwa "ni ya zamani kidogo". Bibi alinusa unga mpya, akalitupa kopo lake bila neno.

Povu likachanganywa taratibu na viini. Vikombe vikapashwa moto. Bibi akajitilia ramu na brandi, kisha maji ya moto kidogokidogo huku akikoroga, maana ukimimina kwa pupa yai linaganda vipande. Mama akatiliwa mchanganyiko uleule kwa maziwa ya moto matupu, bila pombe, na kungumanga juu.

Nilianza barua hii nikitaka kuwaambia kwamba pombe ni pambo tu. Lakini ukweli ni kwamba kikombe cha mama kilibaki nusu. Alisema kitamu, kisha akakisogeza. Niliponusa nikaelewa: harufu ya yai ilikuwa juu ya kila kitu, na utamu umezidi. Jerry Thomas, yule mhudumu wa baa aliyechapisha kanuni ya kinywaji hiki 1862, aliweka mayai 12 kwa sukari ratili 5! (Alidai pia kukibuni yeye. Alizaliwa 1830, na gazeti la Salem, Massachusetts, lilikwisha kukitaja 1827.) Sukari ya namna hiyo inahitaji kitu kikali cha kuikata, na ramu ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo: hapana, si kilekile. Ila mtoto, dereva, anayetumia dawa na asiyekunywa kwa imani yake wasipewe maziwa matupu kama adhabu. Watilieni chai ya rangi iliyokolea tangawizi badala ya ramu. Inakata utamu vizuri, ingawa sitathubutu kusema hivyo mbele ya bibi. Na msidhani ramu au maji ya moto yanaua vijidudu vya yai bichi. Tafuteni mayai yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa moto kiasi cha kuua vijidudu bila kuiva, ingawa ute wake huchelewa kusimama, na mkono utauma.

Mama, kama mngemuuliza yeye, angechagua tangawizi, bila yai.